Nilibatizwa Ndani ya Mtumbwi

Kanisani kwetu Buhongwa watu wamezoea ushuhuda wa mtu aliyeanguka, akaona mwanga, akainuka anaruka. Wangu hauna kuruka. Natembea kwa gongo moja, mguu wa kushoto unaburuza kidogo, na nikisimama mbele ya watu naongea kwa ufupi mno hadi wanabaki wananingojea niendelee. Ndiyo maana mchungaji alisema niandike. Nitaandika na yale ya aibu, kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani huku kandokando ya ziwa ameanza kutosikia vidole vyake vya miguu na hajamwambia mtu yeyote.

Naitwa Bundala. Ni fundi mitumbwi tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na sasa nakaribia arobaini. Mtumbwi mpya unaundwa nchi kavu, lakini mtumbwi unaovuja hauna subira. Mwenyewe hataki upandishwe juu ukae siku nne. Anataka uzibwe hapo hapo ulipo, urudi kazini jioni. Kwa hiyo fundi anaingia majini hadi mapajani, anapapasa pale mbao zilipoachana, anashindilia pamba yenye mafuta kwa patasi butu, anasogea hatua nyingine. Pamba yenyewe mama alikuwa akinitumia kutoka Magu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilisimama hivyo sehemu kubwa ya siku. Mwaloni kwetu, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, hakukuwa na choo. Watu walijisaidia vichakani, na mvua ikinyesha kila kitu kiliteremkia ziwani, pale pale niliposimama. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Jina langu lina habari yake. Ni jina la babu mzaa mama, aliyefariki wiki chache kabla sijazaliwa. Alikuwa mganga huko Magu, watu walimjia kutoka mbali. Nilipozaliwa wakasema mzee amerudi. Kwa desturi yetu, mama akimpa mtoto jina la baba yake mzazi, anamwita baba na anamheshimu kama baba. Mama yangu hakuwahi kuniita mwanangu. Asubuhi aliniamkia, "Mwangaluka, baba," nami mtoto wa miaka mitano naitikia kwa sauti nzito. Hakunichapa hata mara moja. Nani anamchapa baba yake? Ndugu zangu walinionea wivu. Siku mwalimu aliponichapa shuleni kwa kuchelewa, nilikaa dawati la nyuma nikajisikia vizuri kidogo, na sikujua kwa nini.

Mke wangu anaitwa Rebeka. Ana genge la nyanya na dagaa Mabatini, mbele ya nyumba tuliyopanga, na tuna watoto wawili wa kike. Yeye ndiye aliyekuwa mlokole wa nyumba. Mimi Jumapili nilikuwa mtu wa kulala na kula samaki wa kuchoma, na nilimtania kwamba aniombee na mimi huko huko, hakuna haja ya kwenda wawili. Alinijibu, "Kuoga unaoga mwenyewe, baba Neema. Na huko utaenda mwenyewe."

Ugonjwa ulianzia mgongoni. Nilipata maumivu chini ya kiuno, yakashuka hadi nyuma ya mapaja. Nikadhani ni kuinama. Rebeka alinichua na dawa ya dukani. Baada ya wiki mbili maumivu yakapungua, nikafurahi. Kumbe hayakuwa yamepona, ni miguu iliyokuwa inaanza kufa.

Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda nyayo, ikafika visiginoni. Sikumwambia mtu. Jioni moja nilirudi nyumbani, nikavuka sebule nikaenda chumbani. Rebeka akanifuata.

"Baba Neema, simama. Umekanyaga nini?"

Sakafuni kulikuwa na alama za damu kuanzia mlangoni. Msumari wa inchi tatu ulikuwa umetoboa ndala ukaingia kisiginoni, nami nimetembea nao kutoka mwaloni. Aliuchomoa kwa koleo yangu. Nilimtazama anavyouvuta kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine.

"Huumii?"

"Hapana."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema.

Alitaka twende hospitali kesho yake. Nikasema wiki ijayo, nina mtumbwi wa mtu. Wiki hiyo hiyo miguu iliniishia. Niliamka asubuhi nikaiambia ishuke kitandani, haikushuka. Nikaishika kwa mikono, nikaishusha mmoja baada ya mwingine, ikaning'inia. Nilikaa hivyo hadi Rebeka alipomaliza kupanga nyanya zake akaja kuniuliza kwa nini sijatoka.

Mama alifika siku iliyofuata. Alikuwa ameshapita kwa mganga kuuliza, na alikuja na mfuko wa ngozi wenye shanga na vibuyu vya babu. Aliviweka miguuni pangu.

"Baba yangu anataka kiti chake," akaniambia. "Amekulaza ili akuinue. Ukikubali kazi yake utatembea. Ukikataa, atakuchukua."

Nilikubali. Nataka hilo lieleweke, nisije nikaonekana nilishikwa kwa nguvu. Nilikuwa nimeitwa kwa cheo cha huyo mzee tangu kuzaliwa, na niliona ni haki yake kuja kuchukua kilichobaki. Rebeka alipinga, nikamwambia anyamaze. Nikabebwa hadi Magu kwa gari la kukodi.

Walinipulizia maji yaliyokorogwa na unga mweupe wa mtama. Walichinja kuku. Wakanifunga shanga shingoni na mikononi, wakazikaza. Wazee walikuja kunisalimu kwa heshima wanayopewa wakubwa wao, ingawa wengi walikuwa wamenizidi miaka arobaini. Bibi mmoja alikaa karibu yangu akaniuliza kwa nini dawa niliyompa mume wake haikufanya kazi. Dawa hiyo ilitolewa mimi sijazaliwa. Nikamwambia pole. Nilisubiri kusikia kitu kikiingia au kikitoka. Nilisikia harufu ya manyoya ya kuku tu.

Siku ya tatu mama alichemsha majani, akachovya kitambaa, akanikanda miguu.

"Baba, unasikia moto?"

"Hapana."

Akaongeza kuni. Akauliza tena, nikajibu tena hapana. Aliendelea hivyo mpaka maji yakawa yanatokota, anakanda huku anamwomba babu. Rebeka aliwasili mchana huo kutoka mjini. Alifunua shuka akakuta malengelenge kutoka magotini hadi nyayoni, na ngozi imebandukia kwenye kitambaa. Mama alikaa chini akatazama mikono yake. Nayo ilikuwa imeungua, na hakuwa amesema neno.

Rebeka hakumgombeza. Alinigusa tumbo, lilikuwa limevimba na limekaza. Tangu juzi yake nilikuwa sijakojoa, na kwa kuwa sikusikia haja sikuona cha kusema. Akagonga kwa kidole.

"Hii siyo mizimu," akasema. "Huu ni mkojo. Mama, naomba unisamehe, namchukua."

"Unamchukua baba yangu?"

"Namchukua mume wangu."

Katika hospitali ya mjini waliniwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukajaa tena. Chini sikusikia nafuu yoyote, ila pumzi ilirudi. Kisha nesi akatafuta mshipa wa kuwekea dripu. Mkono ulikuwa umevimba hadi shanga zimezama kwenye nyama.

"Hizi inabidi zikatwe," akasema.

Mama alikuwa ametufuata. Akasema, "Ukizikata umemkata baba yangu."

Nesi akanigeukia mimi. "Mgonjwa ni wewe. Nikate?"

Nikasema kata. Wengine wakifika hapa husema ndipo walipomchagua Yesu. Mimi nilichagua dripu. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kila mtu aondoe mikono yake mwilini mwangu. Mkasi ukafanya kazi, shanga zikamwagika zikaingia chini ya vitanda. Mama akapiga magoti, akaziokota moja moja kati ya ndala za wagonjwa, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akaondoka kwenda Magu. Hakuniaga, na kuanzia siku hiyo hakupokea simu yangu.

Daktari wangu alikuwa mama wa Kihaya aliyeongea polepole. Swali lake la kwanza halikuwa naumwa nini.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi mitumbwi."

"Unasimama majini?"

"Kila siku."

Akaandika. Wakachukua damu, wakachukua choo, wakanipitisha kwenye mashine kubwa ya kupiga picha mgongo. Siku mbili baadaye akaja na majibu, akavuta kiti akakaa. "Una kichocho," akasema. "Tumeona mayai yake kwenye choo chako. Wadudu wake wanaishi kwenye mishipa ya damu na wanataga humo. Mayai mengine yamepotea njia yakaenda kwenye uti wa mgongo. Uti umevimba, ndiyo maana miguu haipati habari."

"Nani ameyatuma?" nikauliza.

Hakucheka. "Konokono," akasema. "Konokono wadogo wa ziwani. Wadudu wanatoka kwa konokono wanapenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini. Hawaulizi ni wa ukoo gani."

Nilimeza vidonge vikubwa vya kichocho kwa idadi iliyolingana na uzito wangu, na vingine vya kupunguza uvimbe, ambavyo niliendelea navyo kwa miezi na vikaufanya uso wangu kuwa wa mviringo. Nikamuuliza kama miguu itarudi. Akasema, "Kuna wanaorudi wote, kuna wanaorudi nusu, kuna wasiorudi. Ulichelewa. Sitakudanganya."

Nililala wodini wiki tisa. Choo kilitoka chenyewe, nikajua kwa harufu kama walivyojua wengine. Rebeka alinisafisha. Chini ya mgongo nikapata kidonda cha kulalia, kikachimbika, na kwa kuwa hakikuuma nilikuwa nakisahau hadi nesi aje kukiosha. Lakini lililonitisha baadaye, nilipopata nguvu ya kutishika, ni kwamba ganzi ilipanda ikafika kichwani. Binti zangu walikuja wakaniletea uji, wakasimama kando ya kitanda, na sikusikia kitu. Nilijua nawapenda kama mtu anavyojua jina la mkoa wake. Sikuogopa kufa. Sikutamani kupona. Nilikuwa natazama dari.

Mchungaji wa Rebeka anaitwa Elikana. Ni mtu mfupi, zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mpaka leo anaongea kwa sauti kubwa kidogo kwa sababu ya zile mashine. Alikuja Jumatano, saa ya kuona wagonjwa. Nilingoja anihubirie. Hakuhubiri. Aliuliza tu, "Nikuombee kwa jina gani?"

Swali jepesi, likanishinda. Mke wangu ananiita baba Neema. Mama alikuwa ananiita baba. Watoto wa kule kijijini waliniita guku, yaani babu. Manesi waliniita kitanda cha tisa. Na Bundala ni mzee aliyezikwa kabla sijafika.

"Sijui," nikasema. "Niombee bila jina."

Alifikiri kidogo. Akaweka mkono kifuani pangu, mahali ambapo bado nilikuwa nasikia.

"Bwana," akasema, "huyu hapa."

Mkono aliuacha pale pale hadi mgonjwa wa jirani akakohoa. Kisha akasema amina, akachukua kofia yake akaondoka.

Sikulia na sikutikisika. Ila maneno yale sikuweza kuyaweka chini. Maisha yangu yote nilikuwa yule: yule mzee, yule aliyerudi. Hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha kwa Mungu akasema huyu. Nilifikiri, kama Mungu yupo, basi sasa anajua nipo kitanda gani.

Jumatano iliyofuata nilimwomba aombe vile vile. "Leo nisiongeze hata neno moja?" akanitania. Nikasema asiongeze. Tukaenda hivyo wiki tatu. Wiki ya nne nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua.

"Mtu asiyesikia chochote anaweza kuokoka?"

Rebeka alikuwa amemsimulia habari zangu. Mchungaji akaniuliza, "Ule msumari uliusikia ukiingia?"

"Hapana."

"Uliingia, haukuingia?"

"Uliingia."

"Basi," akasema, akaniombea akaenda zake.

Alasiri hiyo niliomba mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilisema, mimi hapa. Nikamwambia Yesu kwamba kama anachukua watu wa namna yangu, anichukue, na kama kuna mtu mwingine anayekaa ndani yangu, yeye ndiye atajua la kufanya naye. Sikuwa na maneno mengine. Nahesabu siku hiyo kuwa ndiyo niliyookoka, ingawa kama mtu angenipima mapigo ya moyo asingeona tofauti.

Wiki ya sita tangu nilazwe, kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Rebeka ndiye aliyekiona. Alikifunika haraka na shuka, kana kwamba tukikitazama sana kitaona aibu kiache. Baada ya hapo yakaja mazoezi, kushika chuma nikasimama, kuanguka, kushika tena. Nilirudi Mabatini kwa magongo mawili, miezi mitano baadaye likabaki moja. Mpira wa mkojo ulitolewa. Mpaka leo mkojo mara nyingine unakuja bila kupiga hodi, nami natembea na suruali ya akiba kwenye mfuko.

Nikaanza mafundisho ya ubatizo. Hapo nikasimama njia panda. Mizimu sikuwa naiogopa tena. Nilimwogopea mama. Alikuwa amemtuma jirani anifikishie ujumbe: "Siku akizamishwa, amemzamisha baba yangu." Nilijua hatishii, anaamini. Nikibatizwa, mama atakuwa hana baba tena, na labda hana mtoto pia, maana mtoto hakuwahi kuwa naye. Nisipobatizwa nitaendelea kuwa mtu wa kuazimwa. Nililibeba hilo wiki nyingi.

Halafu kukawa na la maji. Kanisa letu linabatiza kwa maji mengi, ziwani. Na daktari alikuwa ameniambia nisiingize ziwani hata kidole. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia akasema maji ya ubatizo hayaambukizi, ni imani yangu tu ndogo. Mwingine akasema labda babu yangu ndiye anayeogopa maji. Nilikasirika. Nilishangaa kukasirika, kwa sababu ilikuwa zamani sana tangu nikasirike mara ya mwisho, na nikafika nyumbani nikamwambia Rebeka kwa fahari kidogo kwamba leo nimekasirika.

Mchungaji Elikana hakutoa uamuzi. Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya wazee. "Nimesimama kwenye maji hayo kila mwaka, nikibatiza watu," akasema. "Nimekwenda kupima. Nimepewa vidonge vya kichocho." Wazee wakatazama chini. Yule wa imani ndogo akauliza kwa sauti ya chini ni hospitali gani na wanapima siku zipi.

Mwaloni kulikuwa na mtumbwi niliokuwa nimeuacha ulipoisha kupigiliwa mbao, uko juu ya magogo. Fundi yeyote anajua kwamba mtumbwi mpya unajazwa maji kwanza, mbao zivimbe na uonyeshe mahali panapovuja. Nikamwambia mchungaji, "Kama maji mengi ndiyo yanatakiwa, mimi nina mahali pa kuyaweka." Asubuhi ya Jumapili kina mama wa kwaya wakateka maji bombani, wakapanga mstari na ndoo kichwani. Mwanzoni mtumbwi ulivuja kila upande na wazee wakatikisa vichwa. Nikawaambia wasubiri. Kufikia saa sita mbao zilikuwa zimeshika.

Wenzangu walikuwa wamechagua majina mapya. Rebeka alitaka niitwe Samweli. Wanaume wawili wakaninyanyua wakaniweka ndani ya mtumbwi, mchungaji akiwa ameshaingia.

"Jina lako?" akaniuliza, kwa sauti ile ya kiwandani.

"Bundala."

Kuna mtu aliguna. Lakini nilikuwa nimelifikiria sana. Babu hakuwa shetani. Alikuwa mtu aliyekufa, basi. Jina lilikuwa zuri, na mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kulivaa. Mchungaji alilitaja, akanizamisha, akaniinua.

Watu huniuliza nilisikia nini. Nilisikia maji ya baridi kuanzia kichwani hadi kiunoni. Kuanzia kiunoni kushuka chini sikusikia kitu. Kama ni kwa kusikia, basi nimebatizwa nusu, lakini nilipotoka nilikuwa nimelowa wote. Akina dada wawili waliokuwa wamejiandikisha kwa ajili ya ziwa waliangalia ziwa, wakaangalia mtumbwi, wakaja kusimama kwenye mstari wa mtumbwi.

Sasa ushauri, kwa sababu ushuhuda bila ushauri ni hadithi. Kama unaishi au unafanya kazi majini, pima kichocho, na vidonge vikigawiwa mtaani au shuleni usimfiche mtoto. Ukiona sehemu ya mwili haisikii, usishukuru kwamba hakuna maumivu, kimbia. Usimkande kwa moto mtu asiyesikia moto. Na wewe unayekaa kanisani ukitazama wenzako wanalia na wewe hulii, usidhani umeachwa. Namshukuru daktari yule, manesi walioniosha, mchungaji wangu, na Rebeka, ambaye nikianza kumshukuru hataki nimalize.

Lakini kuna la mama, na bila hilo sijasema kitu.

Wiki mbili baada ya ubatizo nilikwenda Magu na Rebeka. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Aliniona na gongo, hakusimama. Mikono yake ilikuwa na mabaka ya ule moto. Nikasema shikamoo mama. Sikuwa nimewahi kumwamkia hivyo maishani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiniamkia. Hakuitikia. Nikakaa kwenye mkeka, taratibu, kwa sababu mguu wa kushoto haukunji vizuri.

"Mama," nikasema, "mimi siyo babu. Babu alikufa."

Aliendelea kupepeta. Baada ya muda akauliza, "Alikufa lini?"

"Kabla sijazaliwa."

Ungo ukatua magotini. "Sikulia," akasema. "Nilikuwa na mimba yako. Waliniambia, usilie, anarudi huyo. Ukilia atageukia njiani. Nikameza. Ulipozaliwa nikasema baba huyu hapa, sina cha kulilia."

Akavua kilemba chake. Kisha akalia, sauti ile wanayolia wanawake wa kwetu msiba unapoingia nyumbani, na majirani wakaacha kazi zao wakaja.

"Nani amefariki?" wakauliza.

"Baba yangu."

"Baba yupi?"

"Bundala."

Wakanitazama mimi nimekaa hapo. Halafu yule bibi aliyeniuliza habari za dawa ya mume wake akaelewa. Alivua ndala, akakaa mkekani karibu na mama, akaanza kulia naye, na wengine wakafuata. Mtu akaleta maji. Wanaume wakavuta viti wakakaa kimya chini ya ukingo wa bati. Tulimlilia mzee aliyekufa karibu miaka arobaini iliyopita, na mimi nilikuwa mmoja wa wafiwa. Niliona uchungu. Ulianzia kifuani ukapanda kooni, nikauacha upande, kwa sababu ulikuwa wangu.

Jioni watu wakatawanyika. Mama alinawa uso, akasonga ugali, akachemsha maziwa. Rebeka alitaka kumsaidia, akakataa. Aliweka sahani, akasimama mlangoni akinitazama, nami niliona anatafuta neno la kuniita. Alifuta mikono kwenye kanga yake.

"Wewe," akasema. "Njoo ule."

Nikashika gongo langu, nikaenda kula. Kwa hilo namshukuru Mungu.